Ua la Jipsamu Halibebi Taa

Ukiingia kwenye nyumba mpya pale Bunda mjini siku hizi, acha kutazama kochi na televisheni. Tazama juu. Katikati ya dari ya sebuleni utaliona ua: duara jeupe la jipsamu lenye majani na petali zilizofinyangwa, upana wake karibu sawa na sinia la pilau. Katikati ya ua inatokea cheni, na kwenye cheni inaning'inia taa yenye matawi. Mafundi wanaliita ua tu. "Mama, tukuwekee na ua?" Mama akikubali, bei inapanda, na picha ya sebule inaingia statasi ya WhatsApp kabla rangi haijakauka.

Fasheni hii imeshafika Guta, kwetu, kata ya Bunda iliyo kando ya Ziwa Victoria upande wa Ghuba ya Speke. Watu wa Guta ni wa dagaa, pamba na mihogo, na wakijenga wanajenga polepole, tofali kwa tofali. Likizo iliyopita ua la kwetu lilipandishwa nikiwepo. Mimi nasoma uhandisi wa umeme, mwaka wa pili. Niliyoyaona chini ya dari ile sijayasikia kwenye mhadhara wowote, na nadhani yanamhusu kila mwanachuo anayelala chini ya taa iliyofungwa na mtu mwingine. Yaani sote.

Kwanza tuelewane kuhusu majina, maana kuna vitu viwili vinavyochanganywa. Kuna ua la urembo, hilo la jipsamu. Halafu kuna silingi rozi, kile kikombe kidogo cha plastiki kinachofungwa juu, ambamo nyaya za nyumba zinakutana na waya unaoshuka kwenye holda ya balbu. Waingereza wanaviita vyote viwili kwa jina moja, waridi la dari. Katika karne ya 19 nyumba za wenye nazo kule kwao zilikuwa na maua ya plasta juu ya taa za mishumaa, kisha juu ya taa za gesi. Umeme ulipoingia, kikombe cha kuunganishia nyaya kikaitwa kwa jina hilohilo. Kwa hiyo fundi wetu akisema "rozi" anaweza kuwa anasema urembo au anasema umeme, na hapo ndipo matatizo yanapoanzia, kwa sababu kila kimoja kina kazi yake na hakuna hata kimoja kilichotengenezwa ili kibebe taa ya kilo nane.

Jipsamu yenyewe tunayo hapa nchini. Inachimbwa Makanya, wilayani Same, na Itigi, mkoani Singida. Ni mwamba laini wenye maji ndani yake. Ukiuchoma kwa joto la kama nyuzi 150 maji mengi yanatoka, unabaki unga. Unga huo ukiuchanganya na maji unaganda tena na kushika umbo lolote la kalibu. Ndiyo maana unaweza kupata ua lenye petali nyembamba kama karatasi. Lakini kitu kinachofinyangika kirahisi hivyo huvunjika kirahisi pia. Skrubu ikiwa kwenye jipsamu peke yake imeshika unga ulioganda, haina mbao nyuma yake. Na jipsamu ikinyweshwa maji inalegea. Mwenye bati linalovuja tone moja kwenye tundu la msumari asidhani ni doa tu la rangi ya chai pale darini. Pale nguvu imepungua.

Sasa nirudi kwetu. Tulikulia na karabai. Usiku wa giza wavuvi wa dagaa walikuwa wakiziwasha kwenye mitumbwi, na ukisimama ufukweni ulidhani kuna mji kule ziwani. Siku hizi nyingi zimeshabadilishwa na taa za betri na sola. Karabai hizohizo ndizo zilizomulika misiba na harusi zetu. Babu alikuwa nayo moja ya kuazimisha majirani, na kwenye nyumba yake ya zamani bado iko ndoano aliyokuwa akiitundikia: chuma kinene kilichopindwa, kimepigiliwa kwenye mbao ya kenchi. Nyumba ile haikuwa na dari. Ukiinua macho unaona mbao, unaona bati, unaona na popo. Ukitaka kutundika kitu, palikuwa na pahali pamoja tu, kwenye kenchi. Na kwa kuwa karabai ina mafuta ya taa na moto ndani yake, hakuna aliyeitundika kwenye kitu asichokiamini.

Kisha umeme ukafika vijijini. Miradi ya REA, wakala uliotokana na sheria ya mwaka 2005, ilisogeza nguzo hadi sehemu ambazo wazee walishakata tamaa, na ile ada ya vijijini ya shilingi 27,000 ikawa inajulikana hata kwa watoto. Baada ya umeme ikaja dari, na baada ya dari likaja ua. Dari ikaificha kenchi. Kizazi changu kinainua macho na kuona uso mweupe uliolala sawa, basi kinaamini kwamba uso ule ndio nyumba.

Nyumba ya Mama imechukua miaka kumi na moja. Ni nyumba ya dagaa: msimu ukiwa mzuri ukuta unapanda, msimu ukiwa mbaya majani yanaota sebuleni. Mwaka huu dada yangu alikuwa anakuja kutolewa mahari, na Mama akasema wageni hawatapokelewa chini ya bati tupu. Akatafuta fundi wa jipsamu kutoka Bunda mjini, mtu wa umri wa baba yangu, mwenye sifa nzuri. Sifa ile aliistahili. Kona zake zimenyooka, maungio huyaoni hata ukimulika tochi. Kaka naye akatuma taa kutoka Dar kwa basi: matawi sita ya chuma cha rangi ya dhahabu, vikombe vya kioo, na shanga za kioo zinazoshuka kama mvua.

Boksi lilipofunguliwa, Mama hakuuliza bei. Aliuliza uzito. Biashara imemfundisha kwamba kitu kinajulikana kwa mizani. Akaleta ile mizani yake ya kuning'iniza ya dagaa, tukaitundika kwenye mwembe, na taa ikasoma kilo nane na robo. Nikaiandika kwenye simu. Sikujua kama tarakimu ile ndiyo ingetugombanisha.

Mafundi wetu wengi wamefundishwa kwa mkondo wa kanuni za ufungaji umeme za Uingereza. Kanuni hizo zinasema waya laini wenye unene wa milimita za mraba 0.5 usibebe zaidi ya kilo 2, wa 0.75 usibebe zaidi ya kilo 3, na wa 1 usibebe zaidi ya kilo 5. Hiyo ni kwa balbu na kivuli chake, basi. Taa ya kilo nane haifai kabisa kuning'inia kwenye waya. Inatakiwa cheni, na cheni inatakiwa kushikwa na kitu kisichokuwa dari.

Mpango wa fundi wetu ulikuwa huu. Dari ilishafungwa, bodi za milimita 9 zimepigwa skrubu kwenye blandaringi. Ua litabandikwa kwa plasta na skrubu nne. Halafu kile kibati cha taa kitafungwa kwenye ua, kwa skrubu na vile vipande vya plastiki vya kushikia. Mama akauliza kama litashika. Fundi akacheka. "Limeshika hilo, mama. Hata mimi naweza kuning'inia."

Nilinyamaza, lakini moyo haukutulia. Mwaka juzi nilikuwa nyumbani kwa rafiki wa Mama, Bunda mjini, asubuhi moja baada ya taa yao kudondoka. Ilidondoka usiku wa saa tisa na ua lake, na kipande cha bodi kikubwa kama mlango wa kabati. Meza ya kioo ilisambaratika. Watoto walikuwa na kawaida ya kulala pale sebuleni kwenye mkeka, ila usiku ule joto liliwafukuza wakahamia chumba chenye feni. Nilipofika, mama mwenye nyumba alikuwa anafagia vioo na hasemi kitu. Aliyeifunga hakupatikana tena kwenye simu. Nilichokiona mimi ni skrubu nne zimelala sakafuni, safi kabisa, hata hazijapinda. Hazikuvunjika. Zilichomoka tu, kila moja na unga mweupe kwenye meno yake.

Na kwetu siku ya mahari, wajukuu wangelala wapi? Sebuleni, kwenye mkeka, chini ya zile shanga.

Sasa utaniambia, wewe si injinia mtarajiwa? Ongea! Ndugu zangu, kwetu kijana wa mwaka wa pili hamkosoi fundi wa umri wa baba yake mbele ya mwenye nyumba. Ukifanya hivyo umemvunjia heshima, na fundi aliyevunjiwa heshima anaweza kukusanya vifaa vyake akaondoka siku tatu kabla ya wageni. Isitoshe, ujuzi wangu ulikuwa wa kwenye karatasi. Najua kukokotoa transfoma ya awamu tatu. Juu ya dari sijawahi kutambaa.

Nikampigia binamu yangu. Tulisoma wote shule ya msingi. Mimi nikaenda sekondari mpaka chuo kikuu, yeye akaenda VETA Musoma kusoma umeme wa majumbani, na leo ana leseni ya EWURA, wale wanaotoa leseni za mafundi umeme kwa madaraja. Nikamweleza: kilo nane na robo, bodi ya milimita 9, skrubu kwenye ua. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Asiifunge leo. Nakuja."

Alikuja na bodaboda, begi mgongoni. Na hapa ndipo nilipoona somo ambalo chuoni halipo kwenye mtaala wowote. Hakusema "baba, umekosea". Alipiga goti kidogo.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Ndio wewe wa umeme?"

"Ndio mimi, baba. Ua lako zuri mno. Naomba unionyeshe kenchi imepita wapi, nisije nikatoboa vibaya nikakuharibia."

Fundi akapanda ngazi, akagonga dari kwa vidole. Akagonga hapa, akagonga pale. Sauti ya uwazi, uwazi, uwazi. Kwenye blandaringi sauti ikawa nzito kidogo, ila blandaringi ni mbao nyembamba za kushikia bodi tu, si za kubebea taa. Mbao ya kenchi iliyo karibu ilikuwa kama sentimita 40 kutoka katikati ya sebule. Yaani juu kabisa ya mahali pa taa hapakuwa na kitu. Fundi aliliona mwenyewe, kwa vidole vyake, bila mtu kumwambia. Akashuka polepole. Akasema, "Hapa pana hewa."

"Basi tuweke mbao, baba," binamu akajibu, kama vile wazo ni la fundi.

Kabla ya hapo kulikuwa na suala la umeme. Siku ile TANESCO walikuwa wamekata tangu asubuhi, na fundi akasema ni bahati, piga kazi chapuchapu. Binamu akakataa. Umeme uliokatika haujazimwa. Hujui utarudi saa ngapi, na ukirudi haupigi hodi. Vilevile luku iliyoisha yuniti si kinga: wewe uko juu ya ngazi, mtu chumbani ananunua yuniti kwa simu na kuziingiza. Akateremsha meni swichi, akabandika tepu juu yake, akamweka mpwa wangu wa miaka tisa alinde asiiguse mtu. Umeme uliporudi mchana kwa majirani, redio ikaanza kuimba ng'ambo ya uzio, na kwetu kukawa kimya. Fundi alinitazama, hakusema neno.

Alipoangalia nyaya zilizoachwa darini na mtu aliyefunga umeme wa nyumba zamani, akakuta mambo mawili. La kwanza: nyaya zilikuwa mbili tu, laini na nyutro. Waya wa aethi, ule wa kijani wenye mstari wa njano, haukufika pale. Kwa holda ya plastiki yenye balbu moja usingeona tofauti. Lakini taa ya matawi ya chuma, waya mmoja ukichubuka ndani yake, mwili wote wa taa unakuwa na umeme, na anayepanda kufuta vumbi ndiye anayekuwa njia ya kwenda ardhini.

La pili lilimfanya apige mluzi. Swichi ilikuwa imefungwa kwenye nyutro badala ya kwenye laini. Balbu inawaka, balbu inazimika, kila mtu ameridhika. Ila ukizima, umeme bado uko juu, umesimama kwenye holda, unasubiri kidole. Alitaka kunionyesha, kwa hiyo tuliwasha meni kwa dakika moja huku wote tumeshuka chini isipokuwa yeye, naye akiwa kwenye ngazi ya mbao. Kwanza akaijaribu testa kwenye soketi anayojua ina umeme, ikawaka. Akazima swichi ya sebuleni, akagusisha testa juu. Ikawaka. Akarudi tena kwenye soketi kuhakikisha testa haijamdanganya. Hatua tatu, sekunde ishirini. Kisha meni ikateremshwa tena. Hata nyumba iliyofungwa sawasawa inaweza kukushangaza hapa, kwani kwenye mfumo ambao laini inapita kwenye rozi kabla ya kushuka kwenye swichi, pale juu kuna waya wenye umeme hata swichi ikiwa imezimwa. Kuzima swichi ukapanda kubadilisha taa ni kamari.

Hesabu yangu ya chuo nayo ilipata kazi hapo. Nilichukua kalamu. Balbu moja ya LED ya wati 7 kwenye volti 230 inavuta takriban miliampea 30. Miliampea 30 ndicho kiwango ambacho kile kifaa cha kukata umeme unapovuja ardhini hupangiwa kukata ili kuokoa mtu, maana zaidi ya hapo moyo uko hatarini. Yaani mkondo unaowasha balbu moja ndogo ya sebuleni unatosha kutupeleka kwenye msiba. Nilishayafanya maswali ya aina hiyo kwenye mitihani na kupata alama. Sikuwahi kuyafikiria nikiwa namtazama mama yangu.

Kazi yenyewe ilichukua mchana mzima. Binamu alipanda darini kupitia kitundu cha ukaguzi, mimi nikamfuata na tochi. Joto la chini ya bati saa nane mchana pale Guta sitalisahau. Tulikanyaga mbao tu, kamwe si bodi. Tukapima katikati, tukakata kipande cha mbao ya mbili kwa nne, tukakiweka kati ya mbao mbili za chini za kenchi na kukifunga kwa skrubu ndefu pande zote mbili. Kisha akatoboa mbao ile mpaka chini na kupitisha boliti yenye pete, ikafungwa nati na wosha pana kwa juu. Hapo ndipo nilipoelewa tofauti. Skrubu inashikiliwa na meno yake, na meno yanaweza kuachia. Boliti iliyopita mbao yote haiwezi kushuka mpaka mbao yenyewe ipasuke.

Waya wa aethi ulivutwa kutoka kwenye boksi la breka, ukapita darini hadi pale. Laini na nyutro zikarudishwa mahali pake kwenye swichi. Fundi wa jipsamu naye akaingia kwenye sehemu yake, na hapo hakuna aliyemfundisha kitu. Alilitoboa ua katikati kwa uvumilivu, tundu la kupita pete na nyaya tu, akalipaka plasta mgongoni, akalipandisha, na safari hii akahakikisha skrubu zake zote zinaingia kwenye blandaringi. Ua lile peke yake lilikuwa na kilo karibu tatu. Nalo likidondoka linaumiza.

Kabla taa haijapanda, binamu aliomba ndoo ya lita ishirini iliyojaa maji. Lita ishirini ni kilo ishirini, zaidi ya mara mbili ya taa. Akaitundika kwenye pete kwa kamba, akasema ilale pale mpaka asubuhi. Mama akatandaza mkeka mbali, akakataza mtu kupita chini. Tulikula ugali na sato tukiitazama ndoo inaning'inia katikati ya ua jeupe kama vile ndiyo taa tuliyoinunua. Asubuhi ilikuwa palepale, na pale ua linapokutana na dari hapakuwa na hata mstari wa unywele.

Taa ikapanda. Cheni kwenye pete, nyaya zimeachwa zimelegea ili zisibebe chochote, maungio yote kwenye konekta za skrubu ndani ya kikombe cha taa, hakuna nyaya zilizosokotwa na kuzungushiwa tepu. Aethi kwenye mwili wa chuma. Balbu sita za LED za wati 7, jumla wati 42. Zingekuwa zile balbu za zamani za wati 60 zingefika 360, na joto lake lote lingepanda kwenye ua na nyaya. Halafu tukafungua madirisha ya upande wa ziwa. Upepo wa jioni ulipoingia shanga zililia na taa ikayumba kidogo kwenye cheni. Ikayumba tu.

Tulipokuwa tunakunywa chai, fundi wa jipsamu alisema jambo ambalo nimekuwa nikilibeba tangu siku hiyo. Alisema, bila hasira, "Mwanangu, mteja analipa anachokiona. Nikimwambia mama nahitaji elfu thelathini ya mbao na boliti ambazo hataziona, ataniona mwizi. Ataenda kwa mwingine. Na huyo mwingine ataweka ua hilohilo kwa bei nafuu."

Nilitaka kubishana, nikakosa pa kuanzia. Ni kweli. Kila mteja anayemlilia fundi apunguze bei, kinachopunguzwa hakitoki kwenye petali, kwa sababu petali zinaonekana. Kinatoka darini. Tunamwita mtu fundi maiko baada ya taa kudondoka, wakati siku ya kulipa sisi ndio tuliohesabu petali. Nasema hivi bila kumtetea aliyetaka kufunga kilo nane kwenye unga. Fundi anayejua kwamba pana hewa analazimika kusema, hata kama atapoteza kazi. Lakini anayelipa naye analazimika kuuliza.

Mama alimsikiliza mpaka mwisho. Akaingia chumbani, akatoka na kitambaa chake cha fedha. Akamlipa fundi pesa yake yote waliyokubaliana, hakumkata hata mia. Akamlipa binamu. Kisha akamwongezea fundi elfu kumi, akamwambia, "Hii ni ya kugonga dari." Fundi alicheka sana. Sijui kama anagonga kila nyumba siku hizi. Najua kwamba alimwomba binamu namba ya simu.

Wanachuo wenzangu, wengi wetu hatuna sebule wala taa ya shanga. Tuna magetoni. Bumu likiingia tunapanga chumba, tunapaka rangi, tunaning'iniza taa za urembo tulizoziona mtandaoni, tunabandika waya kwa selotepu, tunapiga picha. Basi kwa kuwa umesoma mpaka hapa, chukua haya. Kama taa yako inaning'inia kwa waya wake na ni nzito kuliko pakiti mbili za sukari, muulize mwenye nyumba imeshikwa na nini juu. Ukiona doa la maji karibu na ua au rozi, usisubiri mvua inayofuata. Ukiguswa na mtekenyo wa umeme kwenye holda wakati swichi imezimwa, usiufanye utani wa geto. Swichi hiyo huenda imefungwa kwenye nyutro, na anayetakiwa kuirekebisha ni fundi mwenye leseni, si jamaa wa chumba cha pili anayesoma uhandisi. Hata kama ni mimi. Usipande kubadilisha chochote kwa sababu umeme umekatika. Teremsha meni, mwambie mtu, kisha ndipo upande, na upande ngazi, si ndoo juu ya stuli.

Na siku ukijenga kwenu, maana wengi wetu ndio tutakaotuma hela ya dari, mpe fundi bei ya ua na bei ya mbao kwa mistari miwili tofauti. Mwambie ukweli kwamba hiyo ya pili unailipa ukijua hutaiona. Halafu kabla dari haijafungwa, omba ngazi, panda mwenyewe na simu yako, upige picha ya boliti. Statasi ya ua itapotea baada ya saa 24. Picha ya boliti itunze.